Pete Yenye Njia Mbili

Kilichonichosha miaka ile ya chuo hakikuwa hesabu. Kilikuwa kueleza watu nasomea nini. Pale mtaani kwetu Kaloleni, Nairobi, ukisema unasomea ualimu, wanakuelewa. Ukisema uuguzi, kesho yake asubuhi mlangoni kuna mtoto wa jirani anakohoa. Mimi nilikuwa nasomea pete, na tena si ya kidoleni. Ni kijipete cha madini, kidogo hivi kwamba unywele mmoja wa kichwa ukilazwa kando yake ungeonekana gogo. Na sikuwa nacho. Vijipete hivyo vilikuwa vikitengenezwa ng'ambo, katika maabara za watu wenye mitungi ya baridi kali ajabu, baridi ambayo barafu yenyewe ni moto ukiilinganisha nayo. Mimi nilikuwa nacho kwenye karatasi tu, na kwenye kompyuta moja ya idara tuliyoigombania kama bafu la ploti, moja kwa nyumba zote.

"Kwa hivyo unasomea kitu ambacho hukioni, na hunacho," baba akaniambia. "Si heri ungeolewa."

Alikuwa anatania. Nafikiri alikuwa anatania.

Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja huko Industrial Area, mpaka miguu ikaanza kumfura. Kwanza viatu vilimkataa, halafu ngazi za lori, halafu kazi yenyewe. Daktari akasema moyo umepanuka na umechoka, ameze dawa, apumzike, na asithubutu kusafiri safari ndefu. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Kwao ni magharibi kabisa, karibu na mpaka, basi la kutwa nzima na vumbi juu yake. Basi akawa mtu wa kiti. Tulimtolea kiti chake nje ya mlango, blanketi magotini, akawa anasalimia kila anayepita kuelekea Soko la Burma na kuwauliza wanaorudi wamebeba nini.

Hakuomba mengi. Supu ya mifupa kutoka Burma, redio, na mama yake. Hilo la tatu alianza kulisema polepole, halafu akawa halisemi polepole tena.

"Nataka mama aje nimwone," alisema. Mwanamume mwenye mvi akisema hivyo, unageuka uangalie ukuta.

Nyanya hakuwa amekanyaga Nairobi maisha yake yote. Alisema mji huu umemchukulia mtoto na hilo linatosha, hauhitaji kumchukua na yeye. Lakini bado alikuwa na nguvu, bado alilima mahindi yake, na sote tulijua kwamba akiambiwa mwanawe wa kwanza anamtaka, atafunga nguo zake na kupanda basi. Kilichobaki ni kumfikishia neno.

Sasa lazima niseme kitu kuhusu nyumba yetu. Baba ni wa magharibi, mama ni wa Ukambani. Walikutana hapa hapa mjini, wakapendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili. Lugha zao wenyewe tulizisikia ndugu zao wakija tu, na mila zao tulizijua nusu nusu, kama mtu anayeusikiliza mpira kwa redio ya jirani. Kila mmoja alimwachia mwenzake mambo ya kwao. Kwa miaka yote hiyo hawakuona haja ya kuulizana zaidi.

Mama alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kwao: neno la maana alilituma kwa njia mbili. Alikuwa na sababu. Mimi nilipozaliwa, habari ilipelekwa Ukambani na mtu mmoja, na huyo bwana akashuka njiani kunywa, akasahau alichotumwa. Nyanya wa upande huo alijua ana mjukuu wakati natambaa. Tangu hapo mama akaapa. Harusi, ugonjwa, mtoto amepita mtihani, neno linatoka kwa huyu na kwa yule, siku hiyo hiyo, kila mmoja na njia yake. Moja likipotea, jingine litafika.

Nilikuwa nimechoka wakati huo, wacha niseme tu. Asubuhi natoka Kaloleni kwa miguu kwenda chuoni, nafika nimekwisha, nangoja zamu ya kompyuta. Hesabu yangu ilihitaji sehemu kubwa ya siku kumalizika, na kila ikikaribia, stima inapotea. Ile mashine inazimika, puu, na kila kitu kinaanza upya. Nasomea stima, na stima yenyewe haipo. Msimamizi wangu, mzee mpole aliyesoma majarida yaliyofika yakiwa yamechakaa kwa safari, alikuwa ananipa pole kwa sauti ya mtu anayehitaji pole mwenyewe.

Jioni moja nilitandaza michoro yangu mezani. Mama alikuwa ameketi upande wa pili na ungo wake, anachagua maharagwe.

"Hivi hiyo milima unayochora kila siku ni ya wapi?" akauliza.

Sikuwa na nguvu ya kueleza. Lakini alikuwa ameuliza kwa moyo, na hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza kwa moyo, hata chuoni.

"Kuna kitu kinaitwa elektroni," nikasema. "Ndiyo inayobeba stima kwenye waya. Sasa inafika kwenye pete. Hapo njia inagawanyika, moja kulia, moja kushoto, halafu zinakutana upande wa pili."

"Kama kuzunguka ukumbi hapo katikati ya esteti."

"Hivyo hivyo. Unaweza kupita huku au huku, unatokea pale pale."

"Haya. Yenyewe inapita wapi?"

"Kote kuwili."

"Imegawanyika."

"Haijagawanyika, mama. Ni moja, nzima, na imepita kote kuwili."

Mama akaniangalia. "Mwanangu, umekula leo?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Nikamwambia asifikirie punje ya haragwe, afikirie wimbi kwenye karai la maji, namna linavyozunguka kikombe kilichosimama katikati, kushoto na kulia kwa pamoja. Wimbi linapanda na linashuka. La kulia na la kushoto yakikutana upande wa pili yote yakipanda, yanasaidiana, stima inapita vizuri. Lakini moja likifika linapanda na jingine linashuka, yanauana. Hapo hakitoki kitu. Na kinachoamua ni sumaku iliyopitishwa kwenye tundu la pete, pale katikati, mahali ambapo elektroni yenyewe haifiki kabisa. Ukiiongeza nguvu taratibu, stima inapanda, inashuka, inapanda tena. Ndiyo hiyo milima.

"Ngoja," mama akasema. "Inapokataa kupita. Njia ziko wazi?"

"Zote mbili."

"Hakuna shimo? Hakuna askari?"

"Hakuna chochote."

"Basi ziba moja!"

"Ukiziba moja, inapita. Hafifu, lakini inapita."

Akaweka ungo chini. "Woi! Hiyo ni akili gani? Mwenye njia mbili hafiki, mwenye njia moja anafika?"

"Ndiyo digrii yangu hiyo."

Alicheka mpaka baba akauliza kutoka chumbani kuna nini. "Binti yako amesoma mpaka amepitiliza," akamjibu. Akarudia maharagwe yake, na mara kwa mara akawa anatikisa kichwa.

Siku chache baadaye mama alituma lile neno. Baba alikuwa amelala, dawa zilikuwa zinamlaza sana. Mama alimpa neno karani wa ofisi ya mabasi, mtu wa huko kwa baba, amfikishie mwenye duka aliye karibu na kwa nyanya. Halafu akaenda kwenye kibanda cha simu, akapiga zahanati ya misheni ya huko, akamwachia neno muuguzi anayemjua nyanya. Neno lilikuwa lile lile: mwanao ni mgonjwa, hawezi kusafiri, anakutaka, njoo. Alirudi ametulia. Akaosha shuka za kitanda cha wageni, akaazima mto kwa jirani.

"Mama yako anakuja," akamwambia baba.

Baba alinyolewa ndevu siku hiyo. Alitaka shati la kola. Kila basi la magharibi lilipokadiriwa kufika, alijivuta kidogo kwenye kiti, akaangalia upande wa lango.

Waliofika walikuwa wanaume wawili. Mmoja alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba wa kumfuata. Mwingine alikuwa mzee mmoja wa ukoo wao niliyemwona mara moja tu maishani. Walikuja mchana, jua kali, wamevaa makoti. Mzee alikuwa amevua kofia tangu langoni, ameishika kifuani. Walipomwona baba ameketi mlangoni na kikombe cha supu, baba mdogo alisimama kama aliyegonga ukuta. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye saruji, na koti lake.

"Kumbe u hai," akasema.

"Ulitaka niwe vipi?" baba akamjibu, bado anatabasamu. Akaangalia nyuma yao. "Mama yuko wapi?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Baba akawatazama, yale makoti, ile kofia kifuani. Tabasamu likamtoka taratibu. Yeye alikuwa mtu wa kule. Hakuhitaji kuambiwa mengi.

"Walikuja wangapi?" akauliza.

"Wawili," baba mdogo akasema.

Baba akamgeukia mama aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Akamweleza, na sisi ndipo tukasikia kwa mara ya kwanza. Kwao habari ya kifo haipelekwi na mtu mmoja kwa mama aliyezaa. Wanapelekwa wawili, mmoja wa kusema na mwingine wa kumdaka asianguke. Na hawatamki kwamba amekufa, mdomo hauruhusiwi. Kinachomwambia ni kule kuja wawili. Mama akiwaona wawili siku moja, na neno moja, juu ya mtoto wake, basi amejua.

Baba mdogo akasimulia. Mwenye duka alikuja asubuhi, nyanya akafurahi, akapanga nguo, akamshika kuku mweupe na kumfunga miguu amletee mwanawe. Alikuwa anauliza Nairobi kuna baridi kiasi gani. Mchana akaingia muuguzi na neno lile lile. Wala hawakuwa wamekutana hao wawili, kila mmoja alikuja na njia yake. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamfungua kuku miguu, akamwacha aende, akakaa chini.

"Amenyoa nywele," baba mdogo akasema. "Tumekuja kuchukua mwili."

Baba alicheka. Nasema kweli, alicheka, mpaka kikohozi kikamshika na supu ikamwagika kwenye blanketi. "Mwili ndio huu," akasema alipopata pumzi. "Uchukueni basi." Halafu akafunika macho kwa mkono na hakuutoa kwa muda mrefu.

Mama aliingia ndani akawasha jiko. Akatoka na chai. "Shemeji, kwetu tunatuma kwa njia mbili ili neno lisipotee," akasema. Baba mdogo akapokea kikombe kwa mikono yote miwili, akamwambia anaelewa, hakuna aliyekosa. Na ni kweli, hakuna aliyekosa. Hilo ndilo lililonikasirisha. Nilitafuta wa kumkasirikia mpaka nikachoka. Mwenye duka peke yake angemleta nyanya. Muuguzi peke yake angemleta. Wote walifika, na hakuna aliyekuja.

Waliondoka kesho yake. Baba mdogo aliahidi atarudi na mama yao hata kama ni kumbeba mgongoni. Lakini kule nyumbani nyanya alimkatalia. Alimwambia nimeshasikia kwa wawili, wewe ni mdogo, unanidanganya ili nile. Mwenye msiba hatoki bomani mpaka mwili ufike. Baba mdogo akatutumia neno kwa karani wa basi kwamba anaendelea kumbembeleza, tumpe muda.

Baba hakuwa na muda. Aliacha kutaka redio. Kiti tulikitoa nje bado, lakini sasa alikuwa anakiomba kigeuzwe, kisielekee lango.

Wiki hiyo hiyo stima zilikaa, na kompyuta ikanimalizia mchoro. Ulikuwa mzuri. Ulipanda na kushuka nilivyokuwa nimeutafuta mwaka mzima, na kule chini kabisa ulikuwa unagusa sifuri, safi, njia zote mbili zikiwa wazi. Msimamizi wangu alinipa mkono. Nilipaswa kurukaruka. Nilikaa tu nikiitazama ile sifuri, nikaikunja karatasi, nikaenda nyumbani.

Pale ploti nilikuta viti vya majirani vimetolewa nje. Kila nyumba ilikuwa imetoa chake. Nikajua tuna msiba. Mama wa nyumba ya pili alinishika mkono akaniingiza ndani, na baba alikuwa amelazwa, shati la kola limefungwa vifungo vyote.

Asubuhi mama alisema lazima kule wajue kabla hatujafika na mwili. Nilimsindikiza kwenye kibanda cha simu. Njia nzima alikuwa anajisemea, na alipopata zahanati alishika simu kwa mikono miwili. Hakulia. Alimwambia muuguzi kilichotokea, akamwambia amfikishie mama mkwe.

"Na uende peke yako, dada," akasema. "Tafadhali. Usiende na mtu. Safari hii ni njia moja tu."

Alitaka kutengeneza. Nilimwona usoni, alikuwa na hakika kwamba sasa amejifunza mambo ya kule.

Yaliyofuata alitusimulia baba mdogo siku ya mazishi, nyuma ya nyumba, wakati watu wanakula. Yeye alikuwa shambani muuguzi alipofika. Nyanya alikuwa ameketi chini ukutani, na akamwona muuguzi anaingia bomani, mmoja, hana mwenzake.

"Umekuja peke yako?" akamuuliza.

"Peke yangu, mama."

"Ni habari za mwanangu? Za Nairobi?"

"Ndiyo, mama, ni habari za mwanao."

Nyanya akainuka. Akapiga makofi. Akasema basi yule mdogo hakunidanganya, mwanangu yu hai, ananiita! Muuguzi alifungua mdomo, na hakuweza. Maneno yenyewe hayaruhusiwi kutamkwa, na hakuwa na mwenzake wa kumsaidia kutoyatamka. Alisimama pale analia, na nyanya akamwambia acha kulia, msichana, nisaidie kumshika kuku.

Wakamshika yule kuku mweupe. Nyanya akamfunga miguu. Akajifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya nywele alizonyoa, akachukua mfuko wake uliokuwa bado umepangwa, akashika njia ya kwenda stendi. Muuguzi akakimbilia shambani.

Baba mdogo aliposikia, hakuweza kumfuata peke yake. Alimpitia yule mzee wa kofia, wakakaza mwendo wote wawili. Walimkuta barabarani, ameshafika kwenye mti wa kungojea basi, anaongea na watu, anawaambia anakwenda Nairobi kwa mwanawe. Alisikia hatua akageuka.

Aliwaona wanakuja wawili. Hakungoja wafike. Aliinama, akamweka kuku chini, akaanza kumfungua miguu.

Baba mdogo aliishia hapo. Mama alikuwa amesimama karibu yetu na sahani mkononi, na alikuwa amesikia yote.

Tulirudi Kaloleni. Watu walitoa pole, wakazoea, wakaacha. Nilikuwa bado na sura ya mwisho ya tasnifu ya kuandika, nikaiandika kwa sababu ilikuwa lazima iandikwe. Jioni moja nilikuwa mezani na karatasi zangu, na mama upande wa pili na ungo wake. Hatukuwa tumewasha redio.

"Ile pete yako," akasema, hakuinua kichwa. "Bado iko?"

"Iko, mama."

"Ulisema njia zote mbili zikiwa wazi, inaweza kukosa kupita."

"Nilisema."

"Na ukiziba moja?"

Nilitaka kumdanganya. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba hizo ni hesabu tu, kwamba nyanya si elektroni, kwamba moyo wa baba ulikuwa umechoka na ungesimama hata mama yake akiwa kando ya kitanda. Na yote hayo ni kweli.

"Nijibu, mwanangu."

"Inapita, mama."

Aliokota kijiwe kwenye maharagwe, akakiangalia, akakitupa nje mlangoni.

"Basi angefika," akasema, akaendelea kuchagua.